Vifo Saba na Uzi Mmoja

Jina la Waridi, riwaya ya Mwitalia Umberto Eco, ilitoka mwaka 1980. Inasimulia juma moja la Novemba 1327 katika abasia ya Wabenedikto kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Wamonaki wanakufa mmoja baada ya mwingine, na abate anamwomba mgeni wake, Mfransisko wa Kiingereza aitwaye William wa Baskerville, achunguze kabla ujumbe wa Papa haujawasili. Anayesimulia ni Adso, aliyekuwa novisi akifuatana na William, ambaye sasa ni mzee aliyekaribia kaburi. Ni kitabu kigumu. Kilatini kimeachwa bila tafsiri, mabishano ya kiteolojia yanakula kurasa nyingi, na kuna mlango wa kanisa unaoelezwa kwa urefu mpaka msomaji anaisahau maiti.

Ninaamini msomaji wa huku kwetu Ufipa, mkoani Rukwa, ana mamlaka juu ya kitabu hiki ambayo wahakiki wengi wa Ulaya hawana, kwa sababu jambo lililo moyoni mwake sisi tumelipitia. Si kila mtu Sumbawanga anakubaliana nami. Mabishano ninayoyasikia nimeyapanga hapa katika sauti tatu: katekista mstaafu wa upande wa Nkasi, mwalimu wa historia wa sekondari, na muuguzi. Hakuna kati yao aliye mtu mmoja. Kila sauti imekusanya watu kadhaa. Nami nitaingia kati pale nitakaposhindwa kukaa kimya.

Katekista: Nianze mimi, wanangu, maana ndiye mkubwa. Nchi hii imelelewa na Kanisa. Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Karema kwa Wabelgiji mwaka 1885, wakapanda huku juu, shule zikafuata. Tuna wamonaki wetu hapa Rukwa, Abasia ya Mvimwa, iliyoanzishwa na ndugu kutoka Hanga mwaka 1979. Wanasali, wanalima, wanafundisha vijana kazi. Sasa Mwalimu unanipa kitabu ambamo mmonaki mmoja amekutwa amezamishwa kichwa chini katika pipa la damu ya nguruwe, mwingine ndani ya hodhi la kuogea, na mzee kipofu aitwaye Jorge anatia sumu kwenye kurasa za kitabu ili asomaye afe. Kijana akisoma hayo, kesho atawatazamaje ndugu wa Mvimwa?

Muuguzi: Baba, umeshamtaja muuaji, na wengine hawajasoma.

Mwalimu: Mwache Mzee amtaje, Mama. Kitabu hiki hakiharibiki kwa kumjua muuaji. Utaona kwa nini. Lakini hilo la wamonaki, Mzee, nakuomba unisikilize. Kila siku ya riwaya imegawanywa kwa saa za sala, kuanzia sala ya usiku hadi ile ya kabla ya kulala, na sura zimepewa majina ya saa hizo. Eco anaijua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Anaeleza chumba cha kunakili, mmonaki anayekunja vidole kwa baridi ndipo aendelee kuchora herufi, bustani ya mitishamba, ukimya wa mezani huku mmoja akisoma kwa sauti. Ndugu wa Mvimwa akikishika kitabu hiki ataona nusu yake bila maelezo, na wakili wa Milano itabidi akatafute kamusi.

Na yale mabishano yanayokuchosha, hayakubuniwa. Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon, alitangaza mwaka 1323 kwamba ni uzushi kudai Kristo na mitume hawakumiliki kitu chochote. Mikaeli wa Cesena, mkuu wa Wafransisko, alimpinga, na mwaka 1328 akatoroka Avignon kwenda kwa Ludoviko wa Bavaria. Watu walichomwa kwa ajili ya swali kama mkoba wa Yuda ulikuwa mali au matumizi tu. Wewe uliyefundisha dini miaka yote hiyo, swali hilo hulitaki?

Katekista: Nalitaka. Ila silitaki kwa Kiingereza.

Muuguzi: Hapo Baba amesema kweli, na tusimpite haraka. Kitabu hiki hapa mjini kinasomwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kilichofasiriwa kutoka Kiitaliano chenye Kilatini ndani yake. Mimi nilikiacha njiani. Nilirudi kwacho zamu za usiku, wodi ikitulia, nikawa naruka Kilatini. Ningejiona mjinga kama nisingesikia kwamba Eco mwenyewe alikusudia hivyo.

Alikusudia. Wahariri walimshauri apunguze kurasa mia za mwanzo, akakataa. Alieleza baadaye kwamba anayetaka kuishi juma zima ndani ya abasia hana budi kukubali mwendo wake, na asiyeweza atabaki chini ya kilima. Anayepanda kutoka Kasanga ziwani hadi Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, analijua jambo hilo kwa miguu yake: pumzi hubadilika kwanza, halafu macho. Lakini sitaki kuutetea ugumu kwa ajili ya ugumu. Viko vitabu vigumu ambavyo ugumu wake unaficha utupu. Hiki nakitetea kwa sababu moja tu, nayo ni namna vifo vinavyounganishwa. Nawarudishia wenyewe.

Mwalimu: Mzee, mmonaki wa kwanza, Adelmo, anakutwa chini ya mnara baada ya usiku wa dhoruba ya barafu. Wa pili, Venantius, yumo ndani ya damu. Wa tatu, Berengar, yumo ndani ya maji. Wewe katekista, unakumbuka nini?

Katekista: Ufunuo wa Yohane. Tarumbeta za malaika. Ya kwanza mvua ya mawe, ya pili bahari kuwa damu, ya tatu nyota inaangukia mito na chemchemi.

Mwalimu: Ya nne?

Katekista: Theluthi ya jua, ya mwezi na ya nyota inapigwa.

Mwalimu: Maiti ya nne, Severinus wa mitishamba, amepasuliwa kichwa kwa chombo cha chuma kinachoonyesha mizunguko ya nyota. Ya tano ni nge, na Malaki mkutubi anakufa akitamka habari za nge. Mzee mmoja wa abasia alishaanza kunong'ona juu ya Ufunuo, na William, mwerevu wa Oxford, mwanafunzi wa Roger Bacon, anaukubali mpangilio huo, anaufuata hatua kwa hatua, na unamfikisha kweli kwa Jorge.

Muuguzi: Hapo ndipo mimi nilikaa kitandani nikafunga kitabu. Kwa sababu mpangilio haukuwepo. Nipe nafasi niuvunje kama tunavyofanya wodini, mgonjwa mmoja mmoja. Adelmo alijitupa mwenyewe kwa majuto. Venantius alikufa kwa sumu aliyoilamba kidoleni akifungua kurasa, kisha mwenzake akaiburuta maiti na kuitumbukiza kwenye damu kwa hofu ya kushukiwa. Berengar aliipata sumu ileile, mwili ukawaka moto, akakimbilia maji apoe. Severinus aliuawa na Malaki kwa wivu aliokuwa amechochewa. Malaki naye akakifungua kile kitabu. Abate alifungiwa akakosa hewa. Jorge mwenyewe aliishia kuzitafuna kurasa. Watu saba, na visababishi vinne au vitano mbalimbali. Mmoja tu katika hao, abate, ndiye Jorge aliyemfungia njia ya kutoka kwa kukusudia yeye. Wengine kitabu kiliwangoja. Dalili halisi, ulimi mweusi na vidole vyeusi, ilikuwepo tangu mapema, na haikuwa na uhusiano wowote na malaika.

Mwalimu: Na William analikiri. Alimpata muuaji kwa kufuata ramani ya uongo. Ndiyo maana nilisema kumjua Jorge hakuharibu kitu. Siri ya riwaya ni kwamba hakukuwa na mpango.

Katekista: Nimeelewa mnakokwenda.

Muuguzi: Twende basi, Baba, maana wewe ulikuwepo kabla yetu. Familia moja huku kwetu ndani ya mwaka mmoja inazika watatu. Kijana alishuka bonde la Ziwa Rukwa kuvua, akarudi na malaria kali. Dada yake amefariki akijifungua, damu haikukatika. Baba yao mdogo amepigwa na radi Januari akitoka shambani, kwenye tambarare isiyo na mti. Mimi ninaona vitu vitatu. Matanga ya tatu yanaona kimoja, na jioni ile jina la mtu linatajwa.

Nchi nzima inatutania kwa hiyo radi. Ukisema unatoka Sumbawanga, iwe Dar es Salaam au Mwanza, mtu anakuuliza kama umekuja nayo. Wafipa wengi huitikia kwa kucheka, na mimi sijapata kucheka, kwa sababu najua utani huo unapoishia ukirudi kijijini: kwa bibi mmoja aishiye peke yake. Uwanda wetu uko juu, mawingu ya masika hutembea karibu, na mkulima ndiye kitu kirefu kuliko vyote shambani. Lakini maelezo hayo, hata yakiwa ya kweli, hayajibu swali la mfiwa, kwa nini yeye, kwa nini sasa. Anayetaja jina analijibu. Nguvu yake iko hapo.

Katekista: Msidhani jambo hili lilianzia matangani tu. Lilikuja kwa mpango, na viongozi wake. Wazazi wangu walisimulia habari za Mchape.

Mwalimu: Mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lilianzia Nyasaland, likaenea Rhodesia ya Kaskazini, likavuka hadi huku. Audrey Richards, aliyekuwa akifanya utafiti kwa Wabemba, alichapisha maelezo mwaka 1935: wanakijiji wanapangwa, wanapita nyuma ya mtafuta wachawi, naye anawatazama ndani ya kioo kidogo cha mviringo. Uso wa anayepita ukionekana vibaya kiooni, mtu huyo ni mchawi. Anatoa pembe zake, anakunywa dawa.

Katekista: Kisha mimi nikiwa mtoto wakaja Kamchape.

Mwalimu: Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika makala juu yao mwaka 1968. Walioongoza walikuwa vijana, na lawama ziliwaangukia wazee.

Katekista: Vijana, ndiyo. Nakumbuka furaha, na hamtaamini. Kijiji kilifurahi. Kila mtu alitaka kupita ili asafishwe, na aliyekataa kupita alikuwa amejihukumu. Nasi Wakristo tulipita. Padre alikataza, tukapita.

Mwalimu: Mzee, huyo ni Bernard Gui.

Katekista: Nani?

Mwalimu: Hakimu wa uzushi katika riwaya. Ni mtu wa historia, Mdominiko, aliandika mwongozo wa namna ya kuwahoji wazushi, akafa mwaka 1331. Katika kitabu anafika abasiani na ujumbe wa Papa, na jioni yake ya kwanza ameshakamata watu. William amehangaika siku nne kupima nyayo kwenye theluji. Bernard hahitaji nyayo. Kwake ukikiri una hatia, ukikana unaficha, ukinyamaza shetani amekufunga ulimi. Kioo chake hakikosi.

Hoja hii ya mwalimu naikubali, ila naona inaishia njiani. Ni rahisi kumchukia Bernard. Eco alitaka tuone pia kwamba William, mwenye miwani, mwenye subira, mwenye kupenda ushahidi, aliangukia ugonjwa uleule wa kushona vifo kwa uzi mmoja. Tofauti yao ni kwamba William alikuwa tayari kuukata uzi alipogundua umeoza. Hapa ndipo Jina la Waridi linapoachana na riwaya za upelelezi tulizozizoea. Tuna jadi nzuri ya Kiswahili: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, na kiko chake na msaidizi wake Najum vinatukumbusha Sherlock Holmes waziwazi. Eco naye alimpa William jina la Baskerville kutoka hadithi ya Holmes. Wote wawili wanaanza mahali pamoja, kwenye kifo ambacho watu wameshakipa sababu isiyo ya kibinadamu. Bwana Msa anaiondoa sababu hiyo na kutuachia ukweli mkononi. Nawashauri wanaoanza waanze na yeye, kisha wapande kwa Eco, ambaye anatuachia majivu ya maktaba.

Katekista: Mmetaja maktaba, na hapo ndipo nina neno zito. Kwa nini tupande kwa Mwitalia? Kama ni dawa na sumu, sisi tulikuwa na Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, Mapadre Weupe wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa katekista na daktari wa watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Nani ameandika riwaya ya Atiman ya kumkesheza msomaji? Vijana wa Sumbawanga wataijua Avignon kabla ya Karema.

Muuguzi: Baba, hapo sina jibu.

Mwalimu: Nina nusu ya jibu. Mapadre Weupe walitakiwa kila misheni iandike shajara ya kila siku: nani amekuja, nani amekufa, mvua, njaa, ugomvi. Ziliandikwa kwa Kifaransa, na kumbukumbu za shirika ziko Roma. Padre Jean-Marie Robert aliandika kitabu kizima juu ya imani na mila za Wafipa, kikachapwa papa hapa Tanganyika, Tabora, mwaka 1949. Kwa Kifaransa. Willis aliandika juu ya falme za Milansi, Nkansi na Lyangalile kwa Kiingereza. Maktaba yetu ipo, Mzee. Imefungwa kwa lugha. Katika riwaya, kitabu kilichofichwa ni cha Aristotle, kile cha pili juu ya ushairi, kinachohusu kicheko. Kiko kwa Kigiriki, na Venantius anakipata haraka kwa sababu anajua Kigiriki. Kijana akisoma hapo ndipo atakapouliza ufunguo wa maktaba yake uko kwa nani.

Katekista: Unaniahidi kwamba atauliza?

Mwalimu: Siahidi.

Katekista: Basi nusu ya jibu ni nusu kweli. Mimi ningeanza na hicho cha Padre Robert, kifasiriwe, halafu hao wa Italia wafuate.

Nami hapa nasimama na katekista. Tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha 1949 ingefaa Rukwa kuliko makala kumi za namna hii. Ila sioni kwa nini kimoja kimsubiri mwenzake. Bado limebaki jambo moja, na muuguzi amelishika tangu mwanzo.

Muuguzi: Msichana. Mnazungumza vifo saba. Wa nane hamumhesabu.

Katekista: Msichana gani?

Muuguzi: Wa kijiji cha chini ya abasia, Baba. Kwao wanakula mabaki yanayotupwa na watawa. Anapandishwa usiku hadi jikoni, anautoa mwili wake, anapewa nyama akawalishe wa kwao. Usiku mmoja anakutwa na Salvatore, mtumishi wa abasia, wakiwa na paka mweusi na jogoo. Salvatore ndiye aliyetaka kufanya dawa ya mapenzi; yeye amefuata jogoo kwa sababu ana njaa. Bernard anawaona, anasema mchawi. Anafungwa, anapelekwa kuchomwa. Adso amelala naye, anampenda, mpaka uzeeni hajui jina lake. Anapolia wakati wa kukamatwa, lugha anayolilia hakuna hakimu anayeijua.

Mwalimu: William anasikitika.

Muuguzi: William anamwambia Adso msichana ameshapotea, asahau. Hilo ndilo alilolifanya. Mtu anayeweza kutambua farasi kwa unywele uliokwama kichakani hawezi kusema kuku ni chakula?

Mwalimu: Angesema, Bernard angemshika na yeye. Alikuwa amekuja na ujumbe wa mfalme Ludoviko, uhai wa Mikaeli wa Cesena uko mezani. Tena yeye mwenyewe aliwahi kuwa hakimu wa uzushi, akaacha kwa kuwa dhamiri ilimsumbua.

Muuguzi: Akaacha, mikono yake ikabaki safi, na msichana akachomwa. Mwalimu, mimi nimewapokea wanawake waliokatwa panga kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale ni moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Wapo wasiojua Kiswahili vizuri, wanamweleza askari kwa Kifipa, mjukuu anafasiri. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na nashukuru. Bibi wa Kifipa bado yuko hatua moja nyuma. Sijakikataa kitabu. Nakipenda. Lakini nikisoma wahakiki wanavyosifu akili za William, nawatafuta walioandika juu ya msichana, nawapata wachache.

Hili ndilo nililoliita mamlaka ya msomaji wa Ufipa. Anajua kwamba kisa cha msichana hakiko pembeni ya upelelezi. Ndicho kipimo chake.

Katekista: Abasia hiyo ilikuwa na parokia? Msichana alibatizwa?

Mwalimu: Bila shaka alibatizwa. Lakini daftari la ubatizo halikuwa lazima wakati ule. Mtaguso wa Trento ndio uliowaagiza mapadre wote waandike, mwaka 1563.

Katekista: Mimi niliandika. Miaka yote ya kazi yangu, jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi. Huyo bibi mwenye macho mekundu namjua kwa jina lake, na la aliyemshika kisimani.

Muuguzi: Jina daftarini halizuii panga, Baba.

Katekista: Halizuii. Ndiyo maana ukisikia jina limetajwa matangani, unakwenda usiku huohuo, hungojei asubuhi, unakwenda na mwenyekiti wa kitongoji na mtoto wa huyo bibi, mnakaa mlangoni. Nimekwenda. Mara nyingine tuliwahi. Nipe hicho kitabu, Mwalimu, nitakisoma na mjukuu wangu anifasirie. Ila nikifika kwa msichana tutakaa tena sisi watatu, na wewe ndiye utakayenieleza kwa nini William hakwenda mlangoni.